Kidole kwenye swali la kwanza

Aliandika namba yake ya mtihani. Akaandika tarehe, akaikata, akaiandika tena vilevile. Kisha akailaza kalamu juu ya meza, sambamba na ukingo wa karatasi, akatulia.

Nilikuwa nasimamia mtihani siku ile, kazi ambayo ukiiondolea heshima zake ni kutembea polepole kwa saa tatu bila kugonga viti vya watu. Nilipompita mara ya kwanza nilidhani anapanga majibu kichwani. Wapo wa namna hiyo: wanakaa kimya robo saa, halafu kalamu haisimami tena. Nilipompita mara ya pili karatasi ilikuwa nyeupe. Mara ya tatu dakika 40 zilikuwa zimekwisha na karatasi bado nyeupe. Hakuwa amesinzia. Hakuwa akiangalia nje wala kumchungulia jirani. Alikuwa akiyatazama maswali kama mtu aliyebisha hodi na anasubiri kuitikiwa.

Nikainama, nikaweka kidole kwenye swali la kwanza, kipengele (a). Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Anza na hiki."

Akaanza.

Aliandika mpaka muda ulipokwisha. Aliomba karatasi ya ziada mara mbili, na mara ya pili hakuniangalia hata usoni. Alinyoosha mkono mmoja tu huku ule mwingine ukiendelea.

Hii ni wiki ya tano tangu siku ile na kidole hiki bado kinanisumbua. Sikumpa jibu. Sikumpa hata kidokezo. Swali lilikuwa mbele yake muda wote, kwa maandishi yaleyale, na sina shaka alikuwa amelisoma mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote ukumbini.

Basi nilimpa nini?

## Nani amkaze nani

Kiti kile nimewahi kukikalia, ndiyo maana siwezi kuliacha jambo hili lipite.

Mwaka wangu wa tatu chuoni nilikuwa na sonona, ile ambayo baadhi yenu mnaiita unyogovu. Sitasimulia yote, sehemu kubwa inachosha, na wengi wenu mnaijua. Nitasimulia habari ya barua pepe moja tu. Mwalimu aliyekuwa akiniongoza kwenye utafiti aliniandikia. Nikaiona imeingia. Sikuifungua. Kesho yake sikuifungua. Kila nilipowasha kompyuta nililiona jina lake kwa herufi nene, najisemea nikimaliza hiki nitaifungua, na hicho chenyewe sikimalizi. Zikapita siku 11. Nilipoifungua hatimaye nilikuta sentensi moja: anaomba tusogeze kikao chetu mbele kwa saa moja.

Kikao chenyewe kilikuwa kimeshapita.

Watu wakisikia sonona husubiri machozi. Kwangu machozi yalikuwa haba. Kilichokuwepo ni ukurasa mmoja wa kitabu cha takwimu niliousoma jioni tatu mfululizo. Nafika mwisho wa aya, nagundua macho yamesoma na mimi sikuwepo, narudi juu. Safari hii napiga mstari kwa penseli ili nisipotee. Nafika chini, nakuta mistari yote ya aya imepigiwa mstari, yaani hakuna nilichochagua. Nafuta. Narudi juu. Mpaka leo kitabu hicho ukikifungua kinajifungua chenyewe pale, na karatasi imechakaa kwa ufutio.

Ushauri niliopewa ulikuwa mmoja, kutoka kwa walionipenda na wasionipenda: jikaze. Sikuwa na ubishi nao. Nilitamani sana kujikaza. Ila kujikaza kunahitaji watu wawili ndani ya mtu mmoja, anayekaza na anayekazwa, na mimi nilikuwa nimebaki na yule wa pili peke yake.

## Rangi na maneno

Mwaka huohuo nilifanya jambo ambalo nimelificha kwa aibu muda mrefu. Nilijiandikisha kwenye jaribio la maabara ya saikolojia ili nipate ushahidi kwamba naumwa.

Jaribio lenyewe ni la kizee. John Ridley Stroop alilichapisha mwaka 1935, na halijawahi kustaafu. Unaonyeshwa neno NYEKUNDU lililoandikwa kwa wino wa kijani, nawe unatakiwa utaje rangi ya wino, usisome neno. Inaonekana mchezo wa watoto mpaka uanze. Kwa mtu aliyezoea kusoma, neno linawahi kufika kuliko rangi, na inabidi ulirudishe mlangoni kabla halijatoka mdomoni. Ule mkwamo mdogo, sehemu ya sekunde tu, ndio unaopimwa. Usukani wa akili ukiwa legevu, mkwamo unarefuka na makosa yanaongezeka.

Niliketi nikabonyeza vitufe kwa karibu nusu saa. Nilipomaliza nikamsihi mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa zamu anionyeshe matokeo yangu. Alisita, akanionyesha.

Nilikuwa wa kawaida. Tena nilikuwa na kasi zaidi kidogo kuliko wengi kwenye kundi.

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilitoka pale na hukumu mkononi: kumbe usukani ni mzima, dereva ndiye hataki kazi. Uvivu wangu umepimwa na kuthibitishwa kwa milisekunde. Nilipopata nafuu mwaka uliofuata, huzuni iliondoka na hukumu ile ikabaki. Niliibeba miaka mingi kuliko nilivyoibeba sonona yenyewe.

Ndiyo maana siku ya mtihani, nilipomwona yule kijana na karatasi nyeupe, wazo la kwanza lililonijia halikuwa la huruma. Niseme ukweli. Nilijisemea: huyu hakusoma.

## Kinachoitwa usukani

Nimekuwa nikisema usukani kwa sababu jina la kitaalamu halikai mdomoni. Tuseme udhibiti wa fikra: uwezo wa kuiweka akili kwenye ulilokusudia wakati mambo mengine, ya nje na ya ndani, yanaivutia kwao. Mwaka 2000 Akira Miyake na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo, wakaonyesha kwamba usukani huu si kipande kimoja. Kuna kuzuia, kama kwenye ule mchezo wa rangi. Kuna kuhama, yaani kuiacha kanuni ya mwanzo na kuishika mpya. Na kuna kusasisha: kufuta kilichopitwa na wakati kwenye ule ubao mdogo wa akilini na kuandika kipya mahali pake. Vitatu hivi ni ndugu, lakini kila kimoja kinaweza kulegea kivyake.

Sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa na ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, na huko ndiko ubongo unakochelewa kukomaa. Ujenzi unaendelea hadi mtu amepita miaka 20. Nikilifikiria hili nacheka kidogo. Kijana anaingia chuo, anaondolewa kengele, ratiba na mtu wa kumwamsha, anaambiwa jiongoze, na chombo cha kujiongozea bado kiko kwa fundi.

Umri huohuo ndio ambao sonona hupenda kubisha hodi. Uchunguzi mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza karibu 14,000 katika vyuo 19 vya nchi 8, ulikuta takribani theluthi moja wakiwa na dalili za angalau tatizo moja la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia. Kwenye orodha ya matatizo, sonona ndiyo iliyoongoza.

Theluthi moja. Kwenye ukumbi ule niliousimamia, hao ni safu nzima kadhaa.

## Kucheua

Lugha yetu ina neno zuri sana kwa kinachotokea kichwani mwa mtu mwenye sonona, ila tumelifungia zizini. Neno lenyewe ni kucheua. Ng'ombe akishapumzika huyarudisha majani mdomoni, akayatafuna upya taratibu. Mwenye sonona naye huyarudisha mawazo: kwa nini nilisema vile, mbona niko hivi, wenzangu wanawezaje, nitaishia wapi. Tofauti ni kwamba ng'ombe anapata lishe.

Aliyelichimba jambo hili kuliko wote ni Susan Nolen-Hoeksema, na utafiti wake mmoja ulisaidiwa na balaa. Mwaka 1989 alikuwa amewapima wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford kuhusu hali za mioyo yao na namna wanavyozipokea siku mbaya: je, wanatafuta la kufanya, au wanakaa na huzuni wakiichunguza? Siku 14 baadaye, tarehe 17 Oktoba, tetemeko la Loma Prieta likaitikisa kaskazini ya California. Yeye na mwenzake Jannay Morrow wakawarudia wanafunzi walewale siku 10 baada ya tetemeko, na tena baada ya wiki 7. Waliokuwa na mazoea ya kucheua kabla ardhi haijatikisika ndio waliokuja kuwa na dalili nyingi zaidi za sonona, hata ukishahesabu walivyokuwa tangu mwanzo.

Napenda utafiti huu kwa sababu unavuruga swali la kuku na yai. Tumezoea kusema huzuni inaleta mawazo. Hapa mazoea ya kuwaza yalitangulia.

Na kucheua hakuli hewa, kunakula nafasi ileile unayohitaji kusomea. Mwaka 2003 Sonja Lyubomirsky na wenzake walichapisha majaribio ambayo kila mwanafunzi atayatambua. Wanafunzi wenye huzuni waliwekwa kwanza katika hali ya kujiwaza, kisha wakapewa kazi za kawaida za chuo: kusoma kifungu kigumu, kutazama mhadhara uliorekodiwa, kusaka makosa kwenye maandishi. Umakini wao ulivurugika. Wenzao waliokuwa na huzuni ileile, lakini wakapewa mambo mengine ya kufikiria kabla ya kazi, hawakuvurugika vile.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Huzuni ilikuwepo kwa makundi yote mawili.

Jutta Joormann na Ian Gotlib walikuja kuonyesha mwaka 2008 kitu kinachoeleza upande wa ndani: watu wenye sonona wakiambiwa wayaondoe akilini maneno waliyokwisha kujifunza, yale yenye maana mbaya yanang'ang'ania. Ule ubao mdogo haufutiki vizuri. Unaandika "swali la kwanza" juu ya "nimeshachelewa", na "nimeshachelewa" bado inasomeka kwa chini.

## Kukaa bila la kufanya

Hapa ndipo nilipoanza kugeuka.

Kwenye kusoma kwangu kwa usiku, ambako mke wangu amekwisha kukuchoka, nilikutana na kazi za Paula Hertel. Mwaka 1991 yeye na Stephanie Rude walichapisha jaribio la kumbukumbu kwa watu wenye sonona. Wote walipewa maneno ya kushughulika nayo. Kundi moja liliachiwa uhuru: fanya kazi, basi. Kundi jingine lilibanwa. Utaratibu wenyewe uliwalazimisha kulishika kila neno akilini mpaka zamu yake iishe, wasipate mwanya wa kutangatanga. Baadaye wakaulizwa wanakumbuka nini. Kwenye kundi lililoachiwa uhuru, wenye sonona walikumbuka machache kuliko wasio nayo. Kwenye kundi lililobanwa, tofauti ilitoweka.

Tofauti ilitoweka. Nilisimama nikaenda kunywa maji.

Uwezo ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa ndani wa kuuchukua uwezo na kuupeleka kazini bila kutumwa. Utaratibu wa nje ulipolifanya lile la kutuma, kichwa kilifanya kazi kama vichwa vingine.

Mwaka 1998 Hertel akatoa jingine, safari hii kwa wanafunzi. Kati ya kujifunza na kupimwa aliweka muda. Wengine walikaa tu wakisubiri, wengine walipewa mambo ya kujiwazia, wengine walipewa mambo yasiyowahusu. Wanafunzi wenye huzuni walioachwa wakisubiri bila la kufanya waliishia pale pale walipoishia wale waliopewa kujiwazia: kumbukumbu ile inayohitaji jitihada ilipungua. Waliopewa mambo yasiyowahusu hawakupungukiwa. Kwa maneno mengine, ukimpa mwenye huzuni nafasi tupu, ataijaza, na unajua ataijaza kwa nini.

Basi nikairudia hukumu yangu ya miaka ile. Lile jaribio la rangi lilinipima nini hasa? Neno linatokea kwenye kioo. Nabonyeza. Linatoweka. Jingine linatokea. Hakuna hata mara moja nilipotakiwa kuamua kwamba sasa naanza. Kompyuta ilikuwa inaanza kwa niaba yangu, mara mia kadhaa, kila sekunde chache. Nilikuwa nimepimwa usukani wa gari lililokwisha kuwashwa na mtu mwingine, halafu nikajiita dereva mvivu.

Barua pepe haitokei na kutoweka. Inakusubiri.

Na karatasi ya maswali ya mtihani, kwa bahati mbaya, nayo inakusubiri.

## Mashaka yangu

Ningeweza kuishia hapo na makala ingekuwa nzuri, lakini nisingekuwa mkweli.

Shaka la kwanza: huenda kweli usukani huwa umelegea, na mimi nilibahatika tu. Mwaka 2013 Hannah Snyder alikusanya tafiti nyingi za watu wenye sonona iliyothibitishwa na akakuta wamepungua karibu kila mahali kwenye udhibiti wa fikra, si kwa maneno ya huzuni tu bali hata kwa kazi zisizogusa hisia kabisa. Upungufu si wa kutisha, ni wa kiasi, lakini upo. Mwaka uliofuata uchambuzi mwingine wa aina hiyo ulionyesha kwamba sehemu ya matatizo ya umakini na udhibiti hubaki hata mtu anapokuwa amepata nafuu ya moyo. Hili la pili nilihitaji kuambiwa zamani. Nilidhani nikipona nitaamka mtu mwingine. Nikaamka na furaha ya kutosha na barua pepe 63 ambazo sijafungua.

Kwa wanafunzi ambao hawajafikia kuitwa wagonjwa, wenye dalili tu, matokeo hayaelewani vizuri. Tafiti nyingine zinaona upungufu, nyingine hazioni. Na malalamiko ya mtu kuhusu umakini wake mara nyingi hayalingani na anachokipata kwenye vipimo. Nilikuwa nikidhani hilo linamaanisha walalamikaji wanatia chumvi. Siku hizi nadhani vipimo na walalamikaji wanazungumzia vitu viwili.

Shaka la pili ni gumu zaidi, maana linarudisha neno uvivu kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2019 Ivan Grahek na wenzake waliandika kwamba huenda tunakosea tunapouliza kama mwenye sonona "anaweza" kuidhibiti akili. Kuidhibiti akili kuna gharama, kunachosha. Ubongo hupima kila mara: nikijitahidi, nitapata nini, na je, kujitahidi kwangu kutabadilisha chochote? Kwa mwenye sonona malipo yamepauka, na imani kwamba jitihada huleta tofauti imeshuka. Basi hesabu inatoka sifuri na mkono hauendi kwenye kalamu.

Nilipolisoma mara ya kwanza nilikasirika. Kwa hiyo ni kutotaka! Ilinichukua siku kadhaa kuona kwamba hasira yangu ilikuwa imejengwa juu ya mpaka usiokuwepo. Nilikuwa nimegawanya dunia pande mbili, kutoweza ambako ni ugonjwa na kutotaka ambako ni tabia, nikahangaika miaka kutafuta upande wangu. Lakini kutaka kwenyewe kunatengenezwa na ubongo. Kunaweza kuumwa. Mtu ambaye mizani yake ya ndani inasema "haina faida" kwa kila jambo hakuichagua mizani hiyo, kama vile mwenye homa hakuchagua kuhisi baridi chini ya jua.

Hata hivyo sijaridhika kabisa. Kuna siku nilikuwa mvivu kweli. Nazijua. Zina ladha yake tofauti, ladha ya utamu kidogo. Siku zile 11 za barua pepe hazikuwa na utamu wowote.

## Swali la saba

Dodoso maarufu la sonona, PHQ-9, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. La saba linauliza kama umepata shida ya kuweka umakini, mathalani unaposoma gazeti au kutazama televisheni. (Nani chuoni anasoma gazeti? Lakini tuache.) Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia 10 wataalamu huanza kukuangalia kwa makini.

Nalitaja kwa sababu nimewaona wanafunzi wakijihesabia alama wenyewe na kulipita la saba mbiombio, kana kwamba ni la kujaza nafasi. Wanasema hawana sonona, wanashindwa kusoma tu. Shida ya kufikiri, kuweka umakini na kuamua imo kwenye orodha ya dalili zenyewe. Si matokeo ya pembeni, wala si ushahidi kwamba hukustahili chuo. La tisa, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, hilo halisubiri jumla: jibu lolote juu ya sifuri linatosha kumtafuta mtu leo hii.

## Fomu

Alikuja ofisini wiki iliyopita. Amekubali niandike, na nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike.

Nilidhani atazungumzia siku ile mara moja. Alizungumzia mengine kwa dakika kumi, kisha akasema akiwa anaangalia kona ya meza, "Mwalimu, siku ile ulinikasirikia?"

Nikamwambia hapana. Nikamuuliza anakumbuka nilimwambia nini.

"Sikumbuki maneno. Nakumbuka kidole."

Akaniambia kilichokuwa kikiendelea kabla ya kidole. Alikuwa ameyasoma maswali yote matano. Manne aliyajua. Sasa anze na lipi? Akianza na rahisi, gumu litamlia muda. Akianza na gumu, ataharibu na rahisi. Akarudi kusoma upya ili aamue. Katikati ya kusoma akakumbuka mtihani uliopita ambapo ilikuwa hivihivi. Akawaza mama yake. Akaona saa. Dakika 12 zimepita. Akawaza kwamba mtu wa kawaida angekuwa ameshaandika ukurasa. Akarudi kusoma upya ili aamue.

"Halafu mwalimu, kadiri muda unavyobaki mwingi ndivyo inavyokuwa mbaya. Ukibaki kidogo unaandika chochote."

Kwa kweli hilo sikulikuta kwenye jarida lolote, ila nimelielewa mara moja.

Anaonana na mshauri nasaha sasa, kwa miezi miwili. Mshauri ndiye aliyemshauri ajaze fomu ya kuomba utaratibu maalumu wa mitihani, na fomu ndiyo hasa iliyomleta. Ilihitaji saini ya mwalimu. Tukaiweka kati yetu. Ina visanduku vinne. Muda wa ziada. Chumba cha peke yake. Maandishi makubwa. Mwandishi wa kumsaidia asiyeweza kushika kalamu.

Tukavitazama vyote vinne kwa zamu.

Muda wa ziada, kwa huyu? Ni kumwongezea nusu saa ya kucheua. Chumba cha peke yake, ambako hatapita mtu hata wa kuona karatasi nyeupe? Maandishi anayaona vizuri. Kalamu anaishika. Si kwamba fomu ni mbaya. Visanduku hivyo vinawasaidia wengi. Ila kila kimoja kimebuniwa kwa mtu ambaye tayari ameanza na kuna kitu kinamzuia kuendelea.

Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja: Mengineyo (eleza).

"Tuandike nini?" akaniuliza.

Nikamwambia aandike yeye. Akaishika kalamu, akaitazama ile nafasi. Nikahesabu kimya kimya. Nilifika sekunde ishirini na kitu. Kwenye kanuni za usimamizi kuna kifungu kinachokataza msimamizi kumwelekeza mtahiniwa kwa namna yoyote, na nilikuwa nimekisoma mara nne tangu siku ile bila kupata uhakika kama kidole ni namna. Nikawaza pia kwamba nikianza mimi hapa, nani ataanza kesho.

Kisha nikanyoosha mkono, nikaweka kidole mwanzoni mwa mstari.

Akaandika: "Naomba msimamizi anionyeshe swali la kwanza na kuniambia nianze. Asiseme kitu kingine."

Nikatia saini. Fomu iko kwenye ofisi ya mitihani tangu Jumatatu. Jana walinipigia kuuliza kama sentensi ile imeandikwa kwa makosa.